Mchezo wa simu usioiba usingizi

Mwezi huu tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini linaumiza familia nyingi kimyakimya: simu usiku. Hapa Tunduma malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, na dereva anaweza kukaa siku kadhaa hana kazi ila kutazama simu. Nyumbani nako, iwe Vwawa, Mlowo au Ileje, kijana amejifunika blanketi kwa sababu ya baridi, mwanga wa simu unammulika usoni, na ni saa saba ya usiku. Kesho yake anasinzia darasani, na baba yake anasinzia kwenye usukani. Huyu wa pili anaweza asirudi nyumbani.

Wazazi hutuuliza: je, tuwanyang'anye simu? Sisi tunasema, kwanza angalieni wanacheza nini. Ipo michezo iliyotengenezwa ili mtu asiweze kuiacha. Upo pia mchezo unaomngoja mchezaji hadi apate nafasi. Huo ni sataranji, ambao vijana huuita chesi, ukichezwa kwa mtindo wa barua.

Mtindo wa barua ni upi?

Zamani watu wawili waliokaa mbali waliweza kucheza pamoja kwa posta. Kila mmoja aliweka ubao mezani kwake. Huyu aliandika hatua moja kwenye kadi na kuituma. Mwenzake alifikiri, akajibu. Mchezo mmoja uliweza kuchukua mwaka na zaidi. Mwaka 1951 wachezaji wa namna hiyo waliunda shirikisho lao la kimataifa, ICCF, ambalo lipo hadi leo. Siku hizi kazi ya posta inafanywa na tovuti. Unasogeza kete moja, unafunga simu, unakwenda shambani kwenye kahawa yako. Mwenzako ana siku moja, tatu, hata kumi na nne za kujibu.

Hatusemi kwamba sataranji ni dawa ya ugonjwa wowote. Tunasema tu kwamba mchezo huu haumdai mtu akeshe. Wala si mchezo wa matajiri: Phiona Mutesi, aliyekulia katika mtaa wa Katwe, Kampala, alijifunza akiwa mtoto wa familia maskini, akafika mashindano ya dunia, na mwaka 2016 maisha yake yakafanyiwa filamu.

Tovuti tatu, tuzilinganishe

*Lichess.* Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Unachagua mwenyewe siku za kila hatua, kuanzia moja hadi kumi na nne. Mzazi anaweza kuwasha hali ya watoto, na hapo mazungumzo na watu wasiojulikana yanafungwa. Kwa familia nyingi za parokia, hii ndiyo tunayoiona inafaa kuanza nayo.

*Chess.com.* Ilianza mwaka 2007, nayo ni ya biashara. Kucheza ni bure, ila utaona matangazo, na masomo mengi yanahitaji kulipia. Ina wachezaji wengi sana, kwa hiyo mpinzani wa kiwango chako hakosekani. Mchezo wa polepole humo nao unaruhusu siku moja hadi kumi na nne. Kampuni hiyo ina tovuti nyingine ya watoto, ChessKid.

*ICCF.* Hii ni ya mashindano rasmi, na mara nyingi kuna ada. Jambo la kujua ni hili: humo inaruhusiwa kutumia kompyuta kutafuta hatua nzuri. Katika Lichess na Chess.com msaada wa kompyuta ni udanganyifu, ingawa katika michezo ya polepole unaruhusiwa kutazama vitabu vya namna ya kufungua mchezo. Kwa anayetaka kuzoeza akili yake mwenyewe, hizo mbili zinafaa zaidi.

Lakini tahadhari! Lichess na Chess.com zina pia michezo ya dakika moja au tatu. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme "mmoja wa mwisho" mpaka jogoo awike. Ugonjwa na dawa vimo ndani ya chupa moja. Someni maandishi kabla ya kunywa.

Baba yuko Lubumbashi

Chukueni mfano wa baba dereva aliyepeleka mzigo Kongo. Mtoto wake Vwawa anasogeza farasi baada ya kutoka shule. Baba anaona hatua hiyo akiwa ameegesha gari, anafikiri, anajibu, na hapohapo anauliza habari za mtihani. Tofauti ya saa moja kati yetu na Lubumbashi haina neno, kwa kuwa kinachohesabiwa ni muda tangu hatua ya mwisho. Mchezo wa wiki tatu umekuwa wiki tatu za baba na mtoto kukumbukana. Data inayotumika ni ndogo, ila sisi wa mpakani tuangalie simu isikamate mtandao wa Zambia na kumaliza salio.

Mambo ya kuzingatia

1. Chagueni siku tatu au zaidi kwa kila hatua. Siku zikipita bila kujibu, umeshindwa; kwa hiyo msianzishe michezo mingi kwa wakati mmoja.

2. Simu zote zilale sebuleni saa tatu usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtu mzima, angalau saa 7.

3. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama hatua kumi hivi, kwa sekunde 20, ili macho yapumzike. Kisha simama, nyoosha miguu.

4. Dereva asiguse simu gari likiwa linatembea. Siku tatu zinatosha. Hakuna hatua ya haraka kiasi hicho.

5. Mtu akikuambia mcheze kwa kuwekeana fedha, ondoka. Huko ni kubeti kwa jina jingine.

6. Mtoto asimpe mtu wa mtandaoni jina la shule yake wala picha yake.

Na asiye na simu janja asijione ameachwa. Chora miraba 64 kwenye boksi, tafuta vizibo vya soda, andika juu yake mfalme, malkia na wengine. Ubao ukae mezani, kila mtu asogeze kete moja kabla ya chakula cha jioni. Huo nao ni mtindo wa barua, tena hauhitaji chaji. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na usingizi mnono.