Freni ya kuongeza ni nzuri, lakini tuangalie kwanza bulo

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaowangojea nyumbani, sisi wote tunapanda magari ya zamani. Hapa Katana, kwenye njia kubwa namba 2 inayotoka Bukavu kwenda Kalehe, Nyabibwe na Goma, kuna Land Rover zenye umri kupita dereva wake, na bado zinabeba watu na magunia.

Juma hili tulisimama kwenye garaje moja kando ya njia. Mwenye gari alitaka aongezewe freni nyingine nyuma. Freni yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini bulo za kuifunga aliziokota ndani ya mkebe wa misumari. Fundi akakataa.

Kuongeza freni si jambo jipya. Ford T, iliyotengenezwa Marekani toka 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15, pedali yake ya freni ilishika ndani ya bwate ya vitesi, si kwenye magurudumu. Mti wa nyuma ukivunjika, pedali inabaki bure. Ndiyo maana watu walinunua freni za kuongeza, mikanda ya chuma inayobana ngoma za magurudumu ya nyuma. Land Rover za zamani nazo, freni ya mkono iko nyuma ya bwate. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, gari inaweza kutembea hata kama umevuta freni hiyo. Tia mawe kwanza.

Sasa bulo. Ukikanyaga freni, gurudumu linataka kuzungusha freni nzima pamoja nalo. Kinacholizuia ni bulo tu. Mnajua wenyewe: mti mzuri wa kushika paa la shimo, ukisimama juu ya udongo laini, hausaidii kitu.

Fundi alituonyesha mambo haya:

Soma kichwa cha bulo. Ya milimita iwe na namba 8.8 au zaidi. Ile ya 4.6 iko na nusu tu ya nguvu hiyo. Isiyo na namba, iache kwa kufunga mlango.

Angalia meno. Magari ya Kiingereza ya zamani mara nyingi yanapimwa kwa inchi. Ekru ianze kuingia kwa vidole. Ukiilazimisha kwa kle, meno yanakwisha.

Tundu na bulo vilingane, bila kucheza. Sehemu laini ya bulo ndiyo ikae ndani ya tundu, si meno.

Meno yatokeze kidogo nje ya ekru, lakini yasiguse ngoma. Funga na ekru ya kujishika yenyewe au gupi mpya.

Jaribu gari tupu, mahali tambarare. Magurudumu mawili yashike sawasawa, la sivyo gari itavuta upande. Kisha rudi ukaze tena.

Sisi abiria nasi tuko na kazi: kabla ya kulipa nafasi, tumuulize shofere freni zilifungwa lini, na kwa bulo gani. Si matusi. Mtelemko wa Kalehe hauulizi nani alikuwa na haraka.

Mwenye gari alinung'unika, halafu akatuma kijana Kavumu kutafuta bulo. Sisi tulipanda gari nyingine, baada ya kuinama kuangalia chini.