Ford 5000 au Massey 135: Hesabu ya Ekari Moja Bukura

Anayetafuta trekta kuukuu ya kulimia watu Bukura huanza kwa kuuliza nguvu, na hapo Ford 5000 hushinda kabla injini haijawashwa. Zilizoundwa kuanzia 1968 zina silinda nne, lita 4.2, nguvu farasi 75. Massey Ferguson 135 ina injini ya Perkins yenye silinda tatu, lita 2.5, nguvu farasi kama 45. Zote zilitoka 1964.

Lakini nguvu hunywa dizeli. Kwa kazi nzito, injini za namna hii hunywa takriban robo lita kwa kila nguvu farasi kwa saa. Zikitumia asilimia 70 ya uwezo, Ford inakunywa lita 13 kwa saa, Massey 8. Tofauti kubwa, mpaka utazame plau. Ford ikivuta diski tatu zenye upana wa jumla wa sentimita 90, na Massey mbili za sentimita 60, mwendo ukiwa kilomita 5 kwa saa na robo ya muda ikipotea kwenye kugeuka, ekari moja inaichukua Ford dakika 72 na Massey 108. Yaani lita 15.6 kwa 14.4. Tukiweka dizeli shilingi 170, pengo ni kama shilingi 200 tu kwa ekari!

Kumbe Ford inauza muda, si mafuta. Na muda huo mashamba madogo ya huku yanaula. Chukua vipande kumi vya nusu ekari, kila kimoja kikidai dakika 20 za kusafiri na kujipanga: Ford itatumia saa 9 na dakika 20, Massey saa 12 na dakika 20. Massey iliyokuwa ikichukua muda zaidi kwa nusu nzima sasa imeachwa kwa theluthi. Kwenye shamba pana la miwa, au kuvuta trela lililojaa, ningechukua Ford bila kusita.

Mfuko hutoboka kwenye ukarabati. Perkins ya 135 ina slivu ndani ya silinda: zikilika, fundi anazitoa na kuingiza nyingine. Silinda za Ford zimechongwa ndani ya bloku lenyewe, hivyo zikichakaa bloku lazima lipelekwe kwenye mashine. Mbaya zaidi, maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huweza kutoboa kuta zake vitundu vidogo. Tena injini ya 135 iliendelea kuundwa India na Pakistan, ndiyo maana vipuri vyake havina shida sana.

Ukienda kuikagua Ford, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, iwashe, utazame kama maji yanatoa mapovu. Kisha chomoa kijiti cha oili. Maji yakitoa mapovu, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, toa bei ya bloku kwenye bei ya muuzaji kabla hamjaanza kuzungumza.