Kufundisha Kuandika Kiingereza

Mtoto aliyejifunza kuandika Kiswahili huzoea jambo moja jema: asikiavyo ndivyo aandikavyo. Kiingereza sivyo kilivyo. Herufi o-u-g-h hutamkwa namna moja katika neno "though", namna nyingine katika "through", na nyingine tena katika "cough". William Caxton alipoanza kupiga chapa vitabu Uingereza mwaka 1476, matamshi yalikuwa yangali yakibadilika. Maandishi yakashikwa na chapa, sauti zikaendelea kwenda zake. Kwa hiyo mwanafunzi asichekwe akikosea. Na ayatazame maneno hayo vema, ayafunike, kisha ayaandike.

Lakini kosa la herufi si kubwa kama kosa la maana. Tuseme kijana amwandikia daktari kwamba mama yake ataletwa hospitali saa mbili asubuhi. Akigeuza neno kwa neno ataandika "two o'clock in the morning", na kwa Mwingereza hiyo ni saa nane ya usiku. Tena, kwa kuwa Kiswahili husema "anaumwa" kwa mwanamume na kwa mwanamke pia, huenda akaandika "he" mahali pa "she", daktari asijue mgonjwa ni nani. Hata akisema mguu umevimba yampasa kuchagua, maana "leg" ni mguu wenyewe, na "foot" ni sehemu iliyo chini ya kifundo. Barua hiyo yaweza kuwa haina herufi hata moja iliyokosewa, nayo ikampoteza msomaji.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, kabla ya kalamu kushikwa, awaulize wanafunzi: Barua hii yaenda kwa nani, nasi twataka afanye nini? Pili, sentensi zisemwe kwa mdomo kwanza, ndipo ziandikwe. Tatu, asahihishe kosa la aina moja kwa wakati mmoja: leo habari za saa, kesho "he" na "she". Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja mtoto moyo, wala hajui aanzie wapi.

Mwisho, kila mwanafunzi ampe mwenziwe barua yake, naye aeleze kwa Kiswahili alivyoifahamu. Wakitofautiana, na watafute pamoja neno lililowapoteza, walisahihishe kabla barua haijafungwa.