Tanki ya kompresa ikioza, usiweke kiraka

Wandugu, kwa mafundi wengi wa kwado hapa Miti, kompresa ni za zamani: motere ingali nzima, lakini tanki imeliwa na kutu. Huku pembeni ya msitu wa Kahuzi-Biega hewa iko na unyevu mwingi. Ikishakandamizwa na kupoa, maji yanashuka chini ya tanki na kukaa pale. Njo maana kutu inaanzia ndani, kwa chini, pasipoonekana.

Kakitundu kakitokea, wengi wanaita sudere. Lakini chuma kinachozunguka kitundu nacho kimeshakuwa chembamba. Kwa presha ya bari 8, kila sehemu ya sentimita 10 kwa 10 inasukumwa na nguvu kama ya kilo 800. Na kijana anayejaza mipira ya pikipiki anasimama mita moja tu pembeni.

Badilisha tanki yote. Tafuta iliyotengenezwa kwa kazi ya presha. Mbele ya kutia hewa, ijaze maji kabisa, kisha upandishe presha kwa pampu ya mkono mpaka bari 12. Maji hayakandamiziki kama hewa: tanki ikishindwa, itavuja, haitalipuka. Halafu funga supape ya usalama mpya. Kila mangaribi, punguza presha, fungua robine ya chini, maji itoke. Ni dakika moja tu.