Hesabu ya Mzigo Kabla ya Safari

Katika karne ya 19, misafara mingi ilikwenda kwa miguu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu na nguo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora iliweza kuchukua miezi mitatu.

Hebu tupige hesabu. Mpagazi akila kilo 1 ya unga kwa siku, kwa siku 90 atahitaji kilo 90. Huo ni uzito wa mizigo mitatu! Kwa hiyo misafara ilinunua chakula vijijini. Lakini kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika kavu iitwayo Marenga Mkali. Hapo maji yalibebwa vibuyuni, na wasafiri walianza kutembea alasiri. Kwa nini? Jua likipungua makali, mtu hutoka jasho kidogo, na mwili haupotezi maji mengi.

Sasa fikiri juu ya nchi isiyo na kijiji hata kimoja. Bara la Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, limefunikwa na barafu. Kuanzia mwaka 1996 hadi 1997, Børge Ousland wa Norwei alilivuka peke yake kwa siku 64. Alivaa skii, yaani vipande virefu vyembamba vinavyofungwa chini ya viatu. Skii hutawanya uzito wa mwili, hivyo miguu haizami katika theluji. Chakula chake chote alikivuta juu ya sleji, chombo kisicho na magurudumu. Sleji huteleza vizuri kwa sababu msuguano kati yake na theluji ni mdogo. Na maji je? Theluji huyeyushwa kwa jiko. Kwa hiyo mafuta nayo lazima yahesabiwe.

Hesabu njema huwa na akiba ya kutosha. Mwaka 1912 Robert Scott wa Uingereza na wenzake wawili walizuiwa na dhoruba wakitoka Ncha ya Kusini. Chakula na mafuta vikawaishia. Walifia hemani, kilomita 20 hivi tu kabla ya kufikia akiba iliyowekwa njiani.

Kazi ya kufanya

Unataka kutembea kwa siku 5 kutoka Tabora, mahali pasipo na maji. Kila siku utakunywa lita 3. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ongeza akiba ya siku 2. Maji yote yatakuwa na uzito gani? Je, utaweza kuyabeba?