Kupima Upepo Pasipo na Ardhi

Mtabiri wa hali ya hewa anapotangaza kwamba upepo unavuma kilomita 30 kwa saa, hana haja ya kueleza kasi hiyo imepimwa kutoka wapi. Ardhi ipo, imetulia, na mlingoti wa kipimo umesimikwa juu yake. Kwenye Mshtarii na Zohali hakuna pa kuusimika. Sayari hizo kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu, gesi zinazozidi kubanana kadiri unavyoshuka bila kukutana na uso mgumu. Ile mistari myeupe na ya kahawia inayoonekana kwa darubini ni mawingu tu, yakikokotwa na upepo.

Basi wanasayansi huyafuata mawingu hayo. Hulipiga picha wingu moja, huisubiri sayari izunguke, hulipiga tena, kisha hupima limesogea kiasi gani. Limesogea kutoka wapi? Kwa Mshtarii jibu limetokana na uga wa sumaku, ambao chimbuko lake liko ndani kabisa na huzunguka pamoja na sayari. Mawimbi ya redio ya uga huo yanaonyesha kwamba siku ya Mshtarii ni ya saa 9 na dakika 55.

Zohali ilikataa njia hiyo. Vyombo vya Voyager vilipata siku ya saa 10 na dakika 39. Chombo Cassini, kilichofika mwaka 2004, kikapata dakika 6 hivi zaidi, ingawa sayari kubwa namna ile haiwezi kupunguza mwendo wake kiasi hicho katika muda mfupi. Na dakika hizo si kitu kidogo: zinabadilisha hesabu ya upepo wa ikweta kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ufumbuzi ulitoka mahali ambapo wachache wangepatazama, kwenye pete. Mitikisiko ya ndani ya Zohali huzusha mawimbi katika pete zake, na mwaka 2019 wataalamu waliyasoma katika data za Cassini wakapata siku ya saa 10, dakika 33 na sekunde 38. Katika habari zote za Cassini, sijui iliyo nzuri kuliko hii.

Hata hivyo, picha ya wingu haisemi wingu liko kina gani. Hapo methani inasaidia. Gesi hii hufyonza mwanga wa rangi fulani, hivyo ukiitazama sayari kwa rangi hizo, mwanga uliozama haurudi, na kinachong'aa ni ukungu wa juu peke yake. Ukibadilisha rangi unaona chini zaidi. Kwa njia hiyo darubini ya James Webb, katika picha za mwaka 2022, ilifichua juu ya ikweta ya Mshtarii mkondo mwembamba wa upepo wa kilomita 515 kwa saa, juu ya mawingu makuu.

Na chini je? Desemba 1995 kifaa cha chombo Galileo kilishuka kwa parachuti ndani ya Mshtarii, kikatuma taarifa kwa karibu saa nzima kabla ya joto na mgandamizo kukishinda. Kilikuta upepo ukiongezeka kasi kadiri kilivyoshuka, badala ya kutulia. Lakini kilitumbukia mahali pakavu kuliko kawaida, penye mawingu machache, hivyo vipimo vyake vya maji vikawatatiza watu kwa miaka mingi.

Chombo Juno hakikuhitaji kutumbukia. Mvutano wa Mshtarii hubadilisha kidogo mwendo wa chombo hicho, na mabadiliko hayo husikika katika mawimbi ya redio yanayofika duniani. Mwaka 2018 hesabu zilionyesha kwamba mikondo ya upepo inashuka kilomita 3,000 hivi. Kwenye Zohali inafika karibu 9,000. Zaidi ya hapo haidrojeni inaanza kupitisha umeme, na uga wa sumaku unaukamata upepo.

Sayari za Urani na Neptuni zimetembelewa mara moja tu, na Voyager 2, mwaka 1986 na 1989. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa Marekani liliiweka safari ya Urani mbele ya safari nyingine zote kubwa mpya, pamoja na kifaa cha kushuka angani mwake. Ningependa vishuke vifaa viwili, sehemu mbalimbali, ili mahali pamoja pakavu pasihukumu sayari nzima.