Shairi Lililo Kifuani

Siku hizi simu iliyo mkononi mwa kijana yaweza kuchukua diwani zote za pwani yetu, ilhali yeye mwenyewe hawezi kusoma hata ubeti mmoja kwa ghaibu. Mimi ni mwalimu wa chuo niliyepita miaka hamsini. Kazi yangu ni kuwahifadhisha watoto Kurani Tukufu, na baada ya hiyo nayapenda mashairi kuliko starehe nyingine yoyote. Kwa hiyo yanipasa kuwaeleza vijana faida niliyoipata kwa kuhifadhi.

Wako wanaodhani kwamba kupenda mashairi humtoa mtu katika dini. Kweli, Sura ya 26, Surat Shuaraa, imewalaumu washairi wapotovu. Lakini mwisho wake umewatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (r.a.), na imepokewa kwamba aliwekewa mimbari msikitini apate kuutetea Uislamu kwa mashairi. Basi shairi ni kama chombo cha baharini: hupimwa kwa shehena yake.

Utungo nilioupenda kwanza ni Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, hali yu mgonjwa, uwe wasia kwa binti yake, Mwana Hashima. Mimi sikuupata kitabuni. Bibi yangu mzaa mama hakujua herufi za Kizungu, lakini alikuwa nao wote kifuani, akiusoma kwa sauti huku akisuka ukili. Nilimsikiliza mpaka nikaushika, kabla sijafahamu maana ya maneno mengi. Maana zilikuja baadaye, kidogo kidogo, nilipooa na nilipopata watoto. Na usiku wa siku niliyomzika mama yangu, zile beti za dua zilikuja zenyewe ulimini mwangu, wala kitabu hakikuwapo. Shairi lililohifadhiwa utotoni humngojea mtu mpaka umri wake ulifikie.

Tena tenzi zetu zimetungwa ili zishikwe na moyo. Ubeti una vipande 4, na kila kipande kina mizani 8. Vipande 3 vya kwanza vina kina kimoja, na cha 4 huchukua kina kisichobadilika tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho. Msomaji akisahau neno, kina humwonyesha njia, na mizani humjulisha kama amepunguza au amezidisha.

Wala kuhifadhi si pumbao la wazee tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na mashairi yake mengi yakabaki ndimini mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1940 yakapigwa chapa katika Diwani ya Muyaka. Lau watu wasingalihifadhi, angaliandika nini?

Bibi yangu alijua pia tungo nyingine za wanawake wa mtaani kwetu, za harusi na za kubembelezea watoto. Hazikuandikwa na mtu yeyote. Alipofariki tulimzika, na tungo hizo zikazikwa pamoja naye. Na leo, katika nyumba nyingi, yuko bibi wa namna hiyo, naye haulizwi neno.

Basi, wazazi na vijana, nawashauri hivi. Baada ya sala ya Magharibi, watoto wakishasoma juzuu zao, someni ubeti 1 kwa sauti, mwelezane maana, kisha kila mtoto aurudie kwa ghaibu. Utenzi wa Mwana Kupona una beti zipatazo 100. Kwa ubeti 1 kila usiku, utamalizika kabla ya kutimia miezi 4. Na simu ile ile yafaa kwa jambo moja: kaeni na bibi yenu, mwombeni idhini, muirekodi sauti yake, kisha muyaandike maneno yake daftarini.

Mwenyezi Mungu atujaalie vifua vyenye Kitabu Chake kwanza, kisha maneno mema ya wazee wetu. Amin.